Kupima moyo kabla ya msimu: tathmini ya huduma ya wanamichezo vijana katika kliniki moja ya Kampala

Kliniki ninayoitathmini hapa iko upande wa mashariki wa Kampala, si mbali na barabara ya Jinja, na huduma yenyewe ni kifurushi cha kupima moyo kilichoandaliwa kwa ajili ya wanamichezo wa shule na wa timu za vijana. Jina lake nimeliacha, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema ni malalamiko, na kwa kuwa mzazi au kocha anaweza kuyatumia haya mbele ya kliniki yoyote itakayomuuzia huduma ya namna hii. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari mjini Tororo. Niliwapeleka wachezaji wetu wa mpira wa miguu pamoja na wakimbiaji kabla ya mashindano ya shule kuanza, baada ya wazazi kukubaliana kikaoni kwamba safari ya zaidi ya kilomita 200 ni afadhali kuliko kuendelea kubahatisha.

Nitoe hukumu yangu mapema. Fedha tulizolipa hazikupotea, lakini kilichozistahili ni dakika chache ambazo daktari alikaa na mchezaji na kumweleza maana ya mistari iliyochorwa kwenye karatasi. Pale dakika hizo zilipotolewa, huduma ilikuwa nzuri kupita nilivyotarajia. Pale zilipokosekana, tuliondoka na karatasi yenye muhuri na hofu ambayo haikuwa na sababu.

Bei ni shilingi 60,000 kwa mchezaji, ikijumuisha fomu ya maswali, kupimwa presha, kipimo cha umeme wa moyo ambacho wengi tunakiita ECG, na kuonana na daktari. Ultrasaundi ya moyo, yaani eko, hulipiwa peke yake, shilingi 180,000, na kipimo cha kukimbia kwenye mashine huku moyo ukirekodiwa kina bei yake pia. Kwa kundi la shule walitupunguzia kidogo baada ya kubembelezana. Risiti zilitolewa bila usumbufu, jambo ambalo mhasibu wetu alilifurahia kuliko vipimo vyote.

Nianze na fomu, kwa sababu ndiyo sehemu iliyonishangaza kwa ubora. Maswali yake yanafuata yale 14 ambayo Chama cha Moyo cha Marekani kinayapendekeza kwa wanamichezo vijana: kama mchezaji amewahi kuzirai, kama kifua humbana anapokimbia, kama moyo humwenda mbio pasipo sababu, kama huchoka upesi kuliko wenzake, na kama katika ukoo kuna aliyefariki ghafla kwa moyo kabla ya kufikisha miaka 50. Muuguzi aliyeyasimamia hakuridhika na alama ya vema. Alipofika kwenye swali la ukoo aliongeza la kwake, kama kuna ndugu aliyezama majini ilhali alijua kuogelea, na akawaeleza vijana kwamba baadhi ya hitilafu za mdundo wa moyo zinazorithiwa hujitokeza mtu akiwa ndani ya maji, kisha familia huandika kwamba alizama na mambo yakaishia hapo. Kwa nchi yenye maziwa kama yetu, swali hilo lina uzito wake. Tatizo ni kwamba vijana wengi hawakuwa na jibu. Mtoto wa miaka 15 hajui babu yake mdogo alikufa kwa nini, na katika familia zetu kifo cha ghafla huzungumzwa kwa sauti ya chini, mara nyingi kikahusishwa na uchawi wa jirani. Fomu hii ingepaswa kutumwa kwa wazazi wiki moja kabla, ijazwe nyumbani pamoja na shangazi na wajomba. Niliwaambia hivyo, walisema watalifikiria.

Fomu hiyo ndiyo iliyomsaidia msichana wetu mmoja wa mbio za mita 800, ambaye shule aliyotoka ilikuwa imemkataza kukimbia kwa kuwa alizirai mashindanoni. Daktari alitaka kujua jambo moja kabla ya mengine yote: alianguka akiwa bado anakimbia, au baada ya kusimama? Msichana alieleza kwamba alivuka mstari, akasimama akiwa ameinama na kushika magoti, kisha giza likamjia. Tofauti hiyo ni kubwa. Mwanariadha anaposimama ghafla, misuli ya miguu huacha kusukuma damu kurudi juu, damu hubaki miguuni na presha hushuka. Huko ni kuzirai kunakotokea kwa wengi wenye moyo mzima. Anayeanguka katikati ya mbio, bila dalili ya kumtahadharisha, ndiye wa kuogopewa, kwa kuwa huenda ni mdundo wa moyo uliovurugika wakati mwili unauhitaji zaidi. Hata hivyo hawakumruhusu kwa maneno matupu. Walimfanyia ECG, wakampandisha kwenye mashine ya kukimbia hadi akasema basi, na waliporidhika walimwambia aendelee na mbio zake, ila atembee kila anapomaliza badala ya kusimama. Sijui ni wasichana wangapi wameachishwa michezo nchini kwa kukosa swali moja kama lile.

Chumba cha ECG ni kidogo na pazia lake halifungi hadi mwisho. Hili ni lalamiko langu la kwanza, na si dogo. Kipimo hiki hubandikwa vibandiko sita kifuani, ambavyo kwa msichana hukaa kuzunguka titi la kushoto, pamoja na vinne vya mikononi na miguuni, na mchezaji hulala akiwa amevua nguo za juu. Wasichana wetu walipangwa wakati fundi aliyekuwapo alikuwa mwanamume, na wavulana walikuwa wakipita ukumbini kwenda chooni. Mwalimu wa kike tuliyekuwa naye alisimama mlangoni kama askari, kisha akadai fundi wa kike, naye akapatikana baada ya saa nzima. Kliniki inayotangaza huduma kwa vijana haina sababu ya kusubiri kudaiwa jambo hilo.

Kwa upande wa ufundi wenyewe sina la kulaumu. Vibandiko vilikuwa vipya kwa kila mtu, ngozi ilifutwa jasho na vumbi kwanza, na mchezaji aliachwa apumzike kabla ya kurekodiwa. Kwa mchezaji mmoja karatasi ilipotoka, fundi aliitazama, akaona mawimbi ya mstari wa kwanza yameelekea chini yote, akaenda moja kwa moja kwenye nyaya za mikono: ya kulia ilikuwa mkono wa kushoto, na ya kushoto mkono wa kulia. Alizirudisha mahali pake, akarudia kipimo, akaichana karatasi ya kwanza mbele yetu. Kosa la nyaya ni la kawaida mahali popote penye mashine hii. Mtu anayeligundua kwa jicho kabla karatasi haijafika kwa daktari ni wa kushikwa kwa mikono miwili.

Shida ilikuja na majibu. Mashine za ECG za siku hizi hujisomea zenyewe na kuandika maoni juu ya karatasi, na kliniki hii huyaacha maoni hayo yaonekane na kumkabidhi mchezaji karatasi kabla hajaonana na daktari. Kati ya wakimbiaji wetu yupo kijana aliyetoka nyanda za Sebei, upande ule wa mlima Elgon uliotupatia wanariadha Joshua Cheptegei na Stephen Kiprotich, na karatasi yake ilitoka na maneno mazito: mapigo ya chini kupita kiasi, mawimbi yaliyopinduka, huenda misuli ya moyo ina kasoro. Aliisoma peke yake ukumbini. Alipokuja kunionyesha alikuwa ameshaamua kwamba anakwenda kufa.

Daktari alipoipokea, alitabasamu. Mapigo 44 kwa dakika kwa mtu anayekimbia kilomita nyingi kila wiki ni moyo ulioongezeka nguvu ya kusukuma, hivyo hauna haja ya kupiga mara nyingi. Mwongozo wa kimataifa wa kusoma ECG za wanamichezo uliochapishwa mwaka 2017 unahesabu hata mapigo 30 kwa mwanamichezo asiye na dalili kuwa ni ya kawaida. Kuhusu mawimbi yaliyopinduka, alitueleza jambo ambalo kila anayesoma ECG katika Afrika yetu angepaswa kulijua kwa moyo. Kwa wanamichezo weusi, wimbi la T, yaani lile linalochorwa moyo unapojichaji upya baada ya pigo, kupinduka katika vibandiko vya kwanza hadi cha nne vya kifuani, likitanguliwa na mstari ulioinuka kwa umbo la kuba, ni sehemu ya mabadiliko ya kawaida ya moyo wa mazoezi, na mwongozo huo unalitambua hivyo waziwazi. Likipinduka katika kibandiko cha tano na cha sita, huko kwenye ubavu, hapo jambo hubadilika, kwa mchezaji wa rangi yoyote, na eko huwa ya lazima. Kijana wetu alikuwa katika kundi la kwanza. Programu ya mashine haikumjua kama mwanariadha wala kama Mwafrika. Ilimpima kwa kipimo cha mtu anayeshinda ofisini.

Maelezo yalikuwa mazuri, na ndiyo maana nakasirika kwamba yalichelewa. Kuzuia maoni ya mashine yasichapishwe ni suala la kubonyeza kitufe katika mipangilio yake. Mbaya zaidi, si wote waliofika kwa daktari huyu. Alasiri, foleni iliporefuka, baadhi ya wachezaji walipelekwa kwa mganga wa zamu, naye alitazama maoni ya mashine, si mistari, akawaandikia wawili kwamba wanahitaji eko ya shilingi 180,000 kila mmoja. Niliomba karatasi zao zirudishwe kwa daktari bingwa. Mmoja aliambiwa hana haja nayo. Wa pili aliambiwa ingefaa, kwa sababu nyingine kabisa, ya mlio wa ziada uliosikika kwenye vali, yaani mlango mdogo unaoelekeza damu ndani ya moyo.

Kuhusu huyo wa pili nitasema kidogo tu, kwa kuwa si suala la mdundo hasa. Uganda bado ina ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya rumatiki, ambao huanza na maumivu ya koo yasiyotibiwa utotoni na kuishia kuharibu vali, na ECG pekee inaweza kuupita bila kuuona. Vali iliyobanwa hutanua chumba cha juu cha moyo, na chumba kilichotanuka huanza kutetemeka ovyo badala ya kupiga kwa mpangilio; hapo mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu isigande, na mtu anayetumia dawa hiyo hafai kwa michezo ya kugongana. Kifurushi kilichotungwa kwa ajili ya Ulaya kinaweza kuufanya ugonjwa huu kuwa tanbihi. Hapa kwetu ulistahili kuwa na swali lake kwenye fomu, na kwenye fomu ile haukuwa nalo.

Sasa nifike kwa winga wetu wa kulia, ambaye kwa ajili yake peke yake safari ile ilistahili. Karatasi yake mashine iliisoma kuwa ya kawaida. Daktari hakukubali. Alimwonyesha kwa kalamu jinsi kila wimbi kubwa lilivyoanza kwa mteremko mdogo wa polepole badala ya kupanda wima, na jinsi nafasi kati ya wimbi la kwanza na hilo kubwa ilivyokuwa fupi mno, chini ya milisekunde 120. Kisha akaacha karatasi na kumgeukia.

“Kijana wangu, moyo wako huwahi kukimbia wenyewe?”

“Huwa, Daktari. Unaanza tu ghafla, hata nikiwa nimekaa darasani, halafu unakoma ghafla.”

“Umewahi kumwambia mwalimu wako?”

“Sikumwambia. Angeniweka benchi.”

Ugonjwa wake unaitwa kwa majina ya madaktari watatu, Wolff, Parkinson na White, walioueleza mwaka 1930. Mtoto huzaliwa na njia ya ziada ya umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini vya moyo. Njia ya kawaida hupita kwenye kituo kinachouchelewesha umeme kidogo. Njia ya ziada haina kituo hicho, hivyo sehemu ya moyo huamka mapema, na ule mteremko kwenye karatasi ndio uamkaji huo. Mara nyingi matokeo yake ni mbio za ghafla zinazosumbua bila kuua. Hatari ya kweli huja vyumba vya juu vinapoanza kutetemeka ovyo: kituo cha kawaida huyachuja mapigo hayo, lakini njia ya ziada yenye kasi huweza kuyapitisha karibu yote, na vyumba vya chini vikashindwa kuyafuata hadi moyo ukasimama. Hali hii humpata takriban mtu 1 hadi 3 katika kila 1,000, na wengi wao hawatapatwa na balaa hilo. Kazi ni kujua nani yumo katika wachache.

Nilipenda jinsi daktari alivyoliendea jambo hilo. Alimpandisha kijana kwenye mashine ya kukimbia na kutazama kama mteremko ungetoweka ghafla mapigo yakipanda, kwa maana njia inayozimika mapema wakati wa mazoezi haiwezi kupitisha mapigo ya kasi kubwa. Haukutoweka. Alimweleza bila kumzungusha kwamba asicheze mechi wala kufanya mazoezi makali hadi apimwe kwa nyaya zinazoingizwa moyoni kupitia mshipa wa kinena, na kwamba katika kipimo hichohicho njia ya ziada inaweza kuchomwa kwa joto na kuzimwa moja kwa moja, tiba inayofanikiwa kwa zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa. Alimwandikia barua ya rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago. Alimpigia simu mama yake papo hapo, akamsalimu, akamweleza kwa Kiswahili chepesi na kumwacha aulize maswali hadi akamaliza.

Kisha muuguzi akaleta bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano, akamfundisha la kufanya moyo utakapokimbia tena: akae nusu amelala, apulize kwenye bomba kwa nguvu ya kutosha kusogeza kijiti chake kwa sekunde 15, kisha alazwe chali na mtu amwinulie miguu. Kijana alicheka mwanzoni. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mbinu hii ya kulaza na kuinua miguu ilirudisha mdundo wa kawaida kwa asilimia 43 ya wagonjwa wenye mbio za namna hiyo, dhidi ya asilimia 17 kwa waliopuliza wakiwa wamekaa tu. Waliongeza sharti ambalo nilimfanya alirudie mbele yangu: akizirai, au mbio zikiendelea, ni hospitali, si bomba la sindano.

Jambo jingine alilolisema daktari huyu linahitaji kusikika kwa makocha wote. Zamani hitilafu ya mdundo ilikuwa na jibu moja, aache michezo. Miongozo ya miaka ya karibuni imehama kutoka kwenye marufuku ya jumla kwenda kwenye uamuzi unaofanywa pamoja, mchezaji, familia na daktari, kwa kupima aina ya hitilafu, tiba iliyopo na aina ya mchezo. Christian Eriksen alianguka uwanjani mjini Copenhagen tarehe 12 Juni 2021 akiichezea Denmark dhidi ya Finland, akapandikiziwa kifuani kifaa cha kushtua moyo, akashindwa kuendelea na Inter kwa sababu ya kanuni za Italia, lakini mwanzoni mwa mwaka 2022 alirudi uwanjani akiwa na Brentford ya Uingereza. Katika wanamichezo 372 waliokuwa na vifaa vya aina hiyo na kufuatiliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, hakuna aliyekufa wala kuumizwa na mdundo uliovurugika akiwa michezoni, ingawa kuna walioshtuliwa na vifaa vyao. Upande wa pili wa sarafu ni Raphael Dwamena wa Ghana, ambaye alikuwa amewekewa kifaa kisha kikaondolewa. Alianguka na kufariki katika mechi ya ligi ya Albania tarehe 11 Novemba 2023. Daktari aliwataja wote wawili kwa kijana wetu, na nadhani alifanya vyema. Mvulana wa miaka 17 anayeota kucheza Ulaya anastahili kuambiwa habari zote mbili.

Kila mchezaji hupewa pia kikaratasi kuhusu hitilafu zinazorithiwa, hasa ile ambayo moyo huchelewa kujichaji baada ya kila pigo, nayo mazoezi, kuogelea au hata mlio wa ghafla vinaweza kuiamsha. Kikaratasi kina orodha ya dawa ambazo mwenye hali hiyo anapaswa kuziepuka: baadhi ya antibayotiki, baadhi ya dawa za fangasi, baadhi ya dawa za akili. Ni dhahiri kilinakiliwa kutoka nchi isiyo na mbu, kwa sababu hakikutaja dawa ya malaria hata moja, ilhali kwinini na klorokwini ni miongoni mwa zinazorefusha muda huo wa kujichaji. Mtoto wa Tororo atakutana na dawa ya malaria mara nyingi kuliko dawa nyingine yoyote. Nilipouliza, daktari alichukua kalamu na kuziandika pembeni kwenye nakala yangu. Nakala za wengine zilibaki zilivyokuwa.

Sehemu dhaifu kuliko zote ni cheti. Kina nembo ya moyo na kiatu, muhuri wa buluu, na sentensi inayosema mwenye nacho “anafaa kwa michezo yote” kwa mwaka mmoja. Hakuna daktari anayeweza kuisimamia sentensi hiyo. Ipo hitilafu inayorithiwa ambayo ECG ya kupumzika huonekana safi kabisa na mdundo huvurugika tu mwili unapojaa adrenalini. Ipo mishipa ya moyo iliyoota mahali pasipo pake, ambayo karatasi haiioni. Na upo mpira unaogonga kifua katika sehemu ya sekunde isiyofaa na kuusimamisha moyo usio na ugonjwa wowote. Italia, ambayo imewalazimisha wanamichezo wa mashindano kupimwa tangu mwaka 1982, iliona vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana katika jimbo la Veneto vikishuka kutoka 3.6 hadi 0.4 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na hata wao hawakufika sifuri. Cheti kingesema tu nini kilipimwa, nani alisoma, na tarehe gani, kingekuwa na manufaa zaidi. Mzazi mmoja alikipigia cheti cha mwanawe fremu na kukitundika sebuleni.

Kwa sababu kipimo hakiwezi kukamata kila kitu, nilitarajia kifurushi cha wanamichezo kiwe na angalau nusu saa ya mafunzo ya kukandamiza kifua. Hakina. Fabrice Muamba, mchezaji wa mpira wa miguu mzaliwa wa Kinshasa, alianguka uwanjani London tarehe 17 Machi 2012 na moyo wake ukakaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Yuko hai kwa kuwa watu walianza kumshughulikia palepale nyasini. Moyo unapotetemeka badala ya kupiga, kila dakika inayopita bila mshtuko wa umeme hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10, na kukandamiza kifua, kati ya mara 100 na 120 kwa dakika kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, ndiko kunakonunua muda. Uwanja wetu hauna mashine ya kushtua moyo, na viwanja tunavyotembelea sijaiona hata mmoja. Mikono tunayo. Muuguzi aliyefundisha bomba la sindano kwa ustadi ule angeweza kuwafundisha wachezaji wote wakisubiri foleni, na sanamu ya mazoezi niliiona imekaa kabatini.

Ufuatiliaji nao haupo. Baada ya kuondoka hakuna aliyepiga simu kuuliza kama winga amefika Mulago. Tuliifuata wenyewe rufaa hiyo, na kijana sasa yuko kwenye orodha ya kusubiri, anasimamia vifaa vya timu na kupanga koni kwa ukali ambao kocha wa wakati wote angeuonea wivu.

Nikiulizwa kama nitarudi, nitarudi, lakini kwa masharti. Nitapeleka kwanza wenye dalili, wenye vifo vya ghafla katika ukoo, na wale wanaokaribia kujiunga na timu za madaraja ya juu, kabla ya kufikiria shule nzima kwa mkupuo. Anayepanga kwenda na apige simu kabla na aulize ni siku gani daktari bingwa mwenyewe yupo na kama ndiye atakayesoma kila karatasi. Aombe fomu mapema aipeleke kwa wazazi. Adai fundi wa kike kwa wasichana na maoni ya mashine yazuiwe yasichapishwe. Na asiondoke bila nakala ya ECG ya kila mchezaji, hata iliyo safi, kwa kuwa karatasi ya mwaka huu ndiyo ambayo daktari mwingine atailinganisha na ya mwaka kesho. Afike kabla ya saa tatu asubuhi. Maegesho ni ya magari madogo tu, hivyo basi la shule hulazimika kungoja kituo cha mafuta kilicho ng'ambo ya barabara.